Dubai mpaka Guangzhou: kwenda masaa 11, kurudi masaa manne na nusu? Hebu tupige hesabu upya

*"Shikamoo mtaalamu. Nauza vyombo vya jikoni Kariakoo, mwezi wa kumi naenda Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton, ile awamu ya pili ya tarehe 23 hadi 27, na ni mara yangu ya kwanza. Wakala kanikatia tiketi mbili tofauti maana anasema ndo bei rahisi. Ya kwanza Dar–Dubai, natoka tarehe 20 saa 01:30 nafika 08:05. Ya pili Dubai–Guangzhou, siku hiyohiyo natoka 10:40 nafika 22:00. Kurudi natoka Guangzhou tarehe 29 saa 00:20 nafika Dubai 04:55. Sasa nimepiga hesabu naona kwenda ni masaa 11 na dakika 20, kurudi masaa manne na nusu tu, njia ileile! Wakala anasema mfumo ndo umeandika hivyo. Mume wangu anasema ni kwa sababu dunia inazunguka, ndege ikiwa juu inaisubiri tu. Umbali nao kwenye simu sehemu moja wameandika 5,830, nyingine 3,620, nyingine 3,150, nishike lipi? Halafu miguu yangu huvimba hata nikipanda basi la Mwanza, na natumia dawa ya presha kila asubuhi. Hii safari ni masaa mangapi hasa, na hayo masaa mawili na nusu ya Dubai yananitosha?"*

Marahaba dada yangu. Nikutoe wasiwasi kwanza, tiketi yako haina kosa na mfumo haujaharibika. Dubai mpaka Guangzhou kwenye tiketi yako ni masaa 7 na dakika 20 kwenda, na masaa 8 na dakika 35 kurudi. Umesoma vizuri, kurudi ndo kurefu, kinyume kabisa na ulivyoona. Ila nikwambie ukweli, hiyo hesabu siyo iliyonishtua nilipolisoma swali lako. Kilichonishtua ni hayo masaa mawili na nusu ya Dubai ukiwa na tiketi mbili tofauti, na hizo safari mbili zinazoondoka baada ya saa sita usiku. Huko ndo watu wanalia. Nitaanza na hesabu kwa sababu umeiuliza, halafu tukae vizuri kwenye hayo mawili.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Saa ya kuondoka ni ya ukutani Dubai, saa ya kufika ni ya ukutani Guangzhou, na hizo saa mbili hazisemi kitu kimoja. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa manne, na Dubai iko mbele ya Dar kwa lisaa limoja, kwa hiyo ukiwa Guangzhou umewatangulia wa nyumbani masaa matano. Wewe ulichofanya ni kutoa saa ya Dubai kwenye saa ya Guangzhou, ni sawa na kutoa shilingi kwenye dirham bila kubadilisha kwanza. Kabla ya kutoa chochote peleka saa zote kwenye mji mmoja. Mimi huwa nawashauri watu wachukue saa ya nyumbani, maana ndo mwili wako unaiishi. Unaondoka Dar 01:30, yaani saa saba na nusu usiku. Unafika Guangzhou 22:00 ya kwao, toa tano, nyumbani ni 17:00, saa kumi na moja jioni. Basi mlango kwa mlango wa ndege ni masaa 15 na nusu: matano na dakika 35 angani mpaka Dubai, mawili na dakika 35 uko chini, saba na dakika 20 mpaka China. Ukimpigia simu mumeo umefika, yeye ndo kwanza anajiandaa kufunga duka.

Kurudi ni vilevile. 00:20 ya Guangzhou ni 20:20 ya Dubai, jana yake. Unatua 04:55. Toka saa mbili na dakika 20 usiku mpaka saa kumi na moja kasoro dakika tano alfajiri, hesabu mwenyewe kwa vidole, ni masaa nane na dakika 35.

Uzuri wa hizi nchi mbili ni kwamba hakuna anayechezea saa kwa ajili ya majira. China walijaribu kusogeza saa kiangazi kuanzia 1986, wakaachana nayo mwaka 1991. Kwa hiyo hayo masaa manne ni manne mwaka mzima, tofauti na ukiwa unaenda London ambako mara ni mawili mara matatu kutoka kwetu.

Kuna njia ndogo ya kujikagua siku nyingine ukiona namba zinakuchanganya. Gawanya umbali kwa masaa uliyopata. Kilomita 5,830 kwa masaa manne na dakika 35 inatoka kama kilomita 1,270 kwa saa. Huko juu ndege zinakoruka, kwa ile baridi ya nyuzi hamsini na kitu chini ya sifuri, sauti inasafiri kama kilomita 1,060 kwa saa. Yaani hesabu yako ilikuwa inasema ndege itaipita sauti, na ndege ya abiria ya namna hiyo iliyokuwa inajulikana sana, Concorde, ilistaafu mwaka 2003. Ukipata zaidi ya elfu moja na mia moja ujue umesahau kubadilisha saa. Ukipata chini ya mia sita kwa safari ndefu, ama umesahau pia ama ndege inatua mahali njiani na hujaambiwa.

Sasa shemeji. Mwambie hayuko peke yake, hili swali la dunia kuzunguka nimelisikia kwa watu wenye digrii. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kweli, na kwa usawa wetu wa Dar inazunguka zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Lakini inazunguka na kila kitu chake, bahari, mawingu, hewa, na ndege iliyomo ndani ya hiyo hewa. Kama ndege ingekuwa inaisubiri dunia basi hata nauli tusingelipa, helikopta ingepanda juu ya Kariakoo ikatulia palepale lisaa limoja ikashuka, abiria wangejikuta wako maeneo ya Kabinda huko Congo. Na angalia kitu kimoja, kwa maelezo yake ndege inayoenda mashariki ingechelewa maana Guangzhou inaikimbia. Ukweli ni kwamba inayoenda mashariki ndo inawahi. Sababu ni upepo, nafika hapo sasa hivi.

Kwanza umbali. Zile namba tatu ni kitu kimoja kwa vipimo vitatu. 5,830 ni kilomita, 3,620 ni maili za barabarani zile za Waingereza na Wamarekani, na 3,150 ni maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852 na ndo wanazotumia marubani na mabaharia. Shika 5,830. Na hiyo ni ya mstari mfupi kuliko yote, kiwanja mpaka kiwanja, juu ya mgongo wa dunia. Hakuna ndege inayoufuata huo mstari kama ulivyo.

Mstari wenyewe nao unashangaza. Miji hii miwili karibu iko usawa mmoja, Dubai nyuzi 25 kaskazini, Guangzhou nyuzi 23 na kitu. Ukiangalia ramani ya ukutani utasema ndege iende moja kwa moja kulia, basi. Tafuta tufe la dunia, lile la shuleni, vuta uzi uukaze kati ya hiyo miji, utaona uzi unapanda kaskazini katikati ya safari mpaka juu ya Nepal, kama nyuzi 27 hivi, halafu unashuka tena. Ramani ya ukutani imelinyoosha duara kwenye karatasi ndo maana inakudanganya. Kwa hiyo ukiwa kwenye kiti chako ukaona kwenye skrini ndege imepinda kuelekea juu usidhani rubani kapotea.

Ila na Nepal penyewe mara nyingi hawafiki. Juu yake kidogo tu kuna Himalaya na nyuma yake uwanda wa Tibet, ambao kwa wastani uko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na watu wengi wanadhani ndege zinaogopa kugonga vilele. Sivyo, ndege yako itakuwa mita elfu kumi na zaidi, mlima wenyewe mkubwa kabisa hauzidi mita 8,849. Tatizo ni hewa. Ikitokea hewa ya ndani ya ndege imevuja, rubani anatakiwa ashuke haraka mpaka kama mita 3,000 ambako binadamu anapumua mwenyewe, na zile barakoa zinazodondoka juu ya viti kwenye ndege nyingi zina hewa ya dakika kumi na kitu tu. Juu ya Tibet utashuka wapi, wakati ardhi yenyewe iko juu ya hapo? Wapo wanaopita huko kwa maandalizi maalumu na hewa ya ziada, lakini njia ya kawaida ya Dubai–Guangzhou inakaa kusini: unavuka bahari ya Oman, unapita India, Bangladesh, Myanmar, unaingia China kwa upande wa Yunnan, kisha Guangxi, halafu unashuka. Kila nchi ina barabara zake za angani na malango yake ya kuingilia, na lango la kuingia China kwa upande ule hulichagui wewe. Ndo maana kilomita 5,830 za kwenye simu zinakuwa elfu sita na ushee kwa ndege yenyewe.

Na barabara hizo zinafungwa. Mwaka 2019 Pakistan ilifunga anga yake toka mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Julai baada ya kukwaruzana na India, ndege chungu nzima za kati ya Ghuba, Asia na Ulaya zikazunguka. Aprili 2025 India na Pakistan wakafungiana tena ndege zao wenyewe kwa wenyewe. Wewe abiria unachoona ni kwamba safari imeongezeka nusu saa na hakuna aliyekueleza.

Haya, upepo. Huko juu, kwenye kimo kama cha kilomita 10 mpaka 12, kuna mkondo wa upepo mwembamba unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, na siku kali unapita kilomita 200 kwa saa. Aliyeupima mapema kabisa ni Mjapani mmoja, Wasaburo Oishi, miaka ya 1920, kwa kurusha maputo na kuyafuatilia, halafu ripoti yake akaiandika kwa Kiesperanto, lugha ya kutungwa iliyokusudiwa iwe ya watu wote, akidhani ndo dunia nzima itaisoma. Haikusomwa na mtu, dunia ikaja kushtuka wakati wa Vita ya Pili marubani walipojikuta wanapeperushwa. Kwa upande wa Asia ya kusini huu mkondo unahama kwa msimu: kuanzia kama Novemba mpaka Machi unashuka kusini ya Himalaya, yaani juu ya kaskazini ya India na kusini ya China, palepale njia yako inapopita. Kiangazi cha huko, katikati ya mwaka, unahamia kaskazini ya Tibet, na tofauti ya kwenda na kurudi inapungua. Wazee wetu wa majahazi walipanga safari ya Ghuba kwa kusi na kaskazi, na wapanga safari za ndege wanafanya hivyohivyo mpaka leo, tofauti ni kwamba wao wana injini kwa hiyo hawasubiri miezi, wanalipa kwa mafuta.

Tuchukue mfano uone. Tuseme njia yenyewe ni kilomita 6,100, ndege inakata hewa kwa 900 kwa saa, na upepo wa wastani njia nzima ni 60. Kwenda unasukumwa, unapata 960, masaa sita na dakika 21. Kurudi unapigwa usoni, unabaki na 840, masaa saba na dakika 16. Tayari ni karibu lisaa limoja la tofauti kwa upepo ambao wala si mkali, mwezi wa kwanza au wa pili huwa kubwa zaidi. Na ukijumlisha kwenda na kurudi utakuta umetumia dakika chache zaidi kuliko kama kusingekuwa na upepo kabisa, maana kile anachokupa upepo ukienda anakudai na riba ukirudi, unakaa ndani ya upepo mbaya muda mrefu kuliko ndani ya mzuri.

Halafu tiketi haihesabu muda wa kuwa angani peke yake. Inahesabu toka ndege inaposukumwa kutoka getini mpaka inapoegeshwa geti la huko. Dubai ni kiwanja chenye shughuli nyingi mno, ndege inaweza kutambaa na kupanga foleni dakika 20 kabla haijanyanyuka. Weka kupanda, weka kushuka taratibu, weka kuzungushwa kidogo Guangzhou wakisubiri nafasi, na mashirika yenyewe yanaongeza dakika za akiba ili waonekane wamefika kwa wakati. Kwa hiyo rubani akitangaza "safari yetu itachukua masaa sita na nusu" wakati tiketi yako inasema saba na dakika 20, wala asikuchanganye, yeye anasema angani, tiketi inasema geti kwa geti.

Nitoke nje ya mada kidogo. Ukiwa macho kwenye hiyo safari fungua ile ramani ya kwenye kiti uangalie saa za huko chini. Dubai iko masaa manne mbele ya saa ya dunia, ile wanayoiita UTC, India matano na nusu, Bangladesh sita, Myanmar sita na nusu, halafu ghafla China nane. Nepal pembeni hapo wao ni matano na dakika 45, sijui nani aliwashauri. China kwa upana wake ingestahili kanda za saa kama tano lakini toka 1949 nchi nzima inatumia saa ya Beijing, huko Kashgar magharibi kabisa jua la utosini linafika kama saa tisa mchana kwa saa ya ukutani.

Tuje Dubai sasa, na hapa naomba usome taratibu.

Masaa mawili na dakika 35 yangekuwa yanatosha kabisa kama tiketi ni moja. Tiketi moja maana yake begi linawekewa lebo Dar mpaka Guangzhou, bodingi pasi zote unapewa Dar, ukifika Dubai unafuata alama za kuunganisha ndege, unakaguliwa, unaenda getini, huingii nchini. Na ndege ya Dar ikichelewa ukakosa ile ya pili, ni jukumu lao kukupandisha nyingine. Tiketi mbili tofauti ni biashara mbili zisizojuana. Begi lako linaweza kuwekewa lebo ya Dubai tu. Ikiwa hivyo, unatakiwa upite uhamiaji, na kwa pasi ya Tanzania huingii bila viza uliyoiomba kabla, ulichukue begi mkandani, uende kaunta ya shirika la pili kama mtu aliyetoka mjini.

Fuata dakika na mimi. Ndege inatua na kuegeshwa 08:05, ikiwahi. Mpaka unatoka mlangoni 08:20. Kutembea na foleni ya uhamiaji, tuseme umebahatika, 09:00. Begi, 09:15. Kaunta kwa mashirika mengi zinafungwa lisaa limoja kabla ya ndege kuondoka, yaani 09:40. Umebakiwa na dakika 25 na bado sijakuuliza uko terminali gani. Emirates wako Terminali 3, flydubai safari zao nyingi ziko Terminali 2, mashirika mengi ya nje yako Terminali 1, na Terminali 2 iko upande wa pili wa kiwanja, huendi kwa miguu, unatafuta gari. Dakika 25 zimeisha. Na hapo ndege ya Dar imetoka kwa wakati.

Ukikosa ile ya pili ndo basi, kwa tiketi hizi za bei rahisi huwa hawarudishi hela, na kinachouma zaidi ni kwamba mtu asipotokea kwenye safari ya kwenda, kwa kawaida mfumo unafuta na ya kurudi. Kwa hiyo ulichookoa Kariakoo unakilipa mara mbili Dubai.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Rudi kwa wakala kesho, nenda mwenyewe ofisini usimalizane kwa WhatsApp, muulize vitu vitatu: hizi tiketi zinaweza kuunganishwa kuwa moja kwa kuongeza hela kiasi gani? Kama haziwezi, je begi langu linaweza kuwekewa lebo mpaka Guangzhou kutokea Dar, maana mashirika mengine yana makubaliano hayo hata kwa tiketi tofauti? Na je viza ya Dubai umeniombea? Akikujibu "usijali dada, watu wanapita kila siku", mwambie aandike. Wengi wanapita kweli, hilo sibishi, ila wanaopita kila siku wanabeba begi la mgongoni tu, wana viza ya Dubai mfukoni na wanakijua kiwanja.

Kama hela ya kuunganisha ni kubwa sana, njia ya pili ni kuiacha tiketi ya China ilivyo na kuifanya ya Dar iwe siku moja kabla, ukalala Dubai. Kuna viza za kupita za masaa 48 na 96 zinazoombwa kupitia mashirika ya ndege ya huko. Utaongeza gharama ya hoteli mtaa wa Deira, lakini kwa mfanyabiashara wa vyombo siyo hasara, utazunguka maduka uone bei kabla hujaziona za kiwandani.

Njia ya tatu ni kutopita Dubai kabisa. Dar mpaka Guangzhou moja kwa moja ni kama kilomita 8,700, kupitia Dubai ni 9,800, unazunguka karibu kilomita 1,100 zaidi. Air Tanzania wana safari ya Guangzhou kutoka Dar, na Kenya Airways wana ya kutoka Nairobi, ni masaa kumi na kitu angani basi. Siku zao ni chache kwa wiki na ratiba hubadilika, na bei kipindi cha maonyesho inapanda, lakini uliza. Faida ya kupita Dubai ni wingi wa ndege, ukikwama leo kuna kesho. Faida ya moja kwa moja ni kwamba hakuna pa kukwamia. Kwa mtu wa mara ya kwanza, mwenye miguu inayovimba, kama tofauti ya bei ni ndogo mimi ningechukua ya moja kwa moja. Ingawa kukaa masaa kumi bila kushuka nako si lelemama, tutaliongelea.

Tarehe. Tiketi yako ya Dar imeandikwa tarehe 20 saa 01:30. Unatakiwa uwe kiwanjani usiku wa tarehe 19, ule wa kuamkia 20. Ya kurudi, tarehe 29 saa 00:20, unatoka hotelini jioni ya tarehe 28. Nimeona watu wazima, wasafiri wazoefu, wanafika kaunta usiku wa tarehe 29 na mabegi yao wakitabasamu, ndege imeondoka masaa 24 yaliyopita. Andika kwenye kalenda ya simu "tarehe 28 saa moja jioni natoka hotelini" na hotelini usilipie usiku ambao hutalala. Kitu kingine, mashirika yanabadilisha ratiba zao za majira Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na wewe utakuwa huko, kwa hiyo siku mbili kabla ya kurudi angalia tena muda, unaweza kuwa umesogea. Na ukifika, 22:00 ni muda wa kutua, kutoka nje huenda ikawa saa tano usiku kwenda mbele. Kiwanja cha Baiyun kiko kama kilomita 30 kaskazini ya mji na metro haikeshi, jipange na hela ya teksi na anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina kwenye simu.

Mwili nao. Maonyesho yanafunguliwa asubuhi, na saa tatu na nusu ya Guangzhou kwa mwili wako ni saa kumi na nusu alfajiri. Kuelekea mashariki mwili unakubali polepole kuliko kuelekea magharibi, hesabu karibu siku moja kwa kila lisaa. Wewe unafika tarehe 20 usiku na maonyesho ni 23, hilo umelipanga vizuri. Tarehe 21 amka na jua lao, toka nje utembee mwangani, usilale mchana kutwa. Bei kubwa usiziongee siku ya kwanza.

Miguu kuvimba yote miwili, pole pole, ikanywea ukilala, mara nyingi ni maji tu kutuama kwa kukaa. Vaa viatu vinavyolegea, simama kila baada ya muda, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji. Lakini safari zaidi ya masaa manne, iwe ndege iwe basi, zinaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na mimi ni mtu wa ndege siyo daktari. Wewe una presha na miguu inavimba hata kwenye basi, kwa hiyo kabla ya safari, walau wiki mbili, nenda hospitali ukaonwe na daktari. Akuangalie hiyo miguu inavimba kwa nini, akwambie kama unahitaji soksi za kubana, na usijinunulie aspirini dukani kwa sababu jirani alikunywa. Muulize na dawa ya presha: ukiinywa saa moja asubuhi ya nyumbani, Guangzhou ni saa sita mchana, je uendelee saa ileile ya nyumbani au uisogeze kwenye asubuhi ya kule? Hilo linategemea dawa yenyewe. Dawa zikae kwenye begi la mkononi na cheti chake, zisiende kwenye begi la chini hata kwa bahati mbaya. Na ukiwa safarini au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukauma kwenye shavu la mguu au ukawa wa moto, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, usiandike swali mtandaoni, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Guangzhou, Dubai au Muhimbili.

Viza ya China angalia tarehe zake ziendane na hizi, halafu ukishaongea na wakala niandikie amekujibu nini kuhusu begi.